Wewe Kwanza au Mimi Kwanza

Mtoto asiyetaka kunyolewa ni balaa kuliko wanavyodhani watu wasio vinyozi. Mtu mzima akichukia kwenye kiti ataguna, atasonya, ataondoka. Mtoto hujirusha, tena hujirusha bila kutoa taarifa, na mashine iko nyuma ya sikio lake. Ndiyo maana vinyozi wengi wa mtaa ule, wakimwona mama anakuja na mtoto aliyekwisha kununa, walikumbuka ghafla kwamba umeme unasumbua. "Mpeleke kwa Sharubu," walisema, huku wakijifanya wanafuta vioo.

Sharubu alikuwa na chumba kimoja mbele na kimoja nyuma, katikati pazia. Mbele alinyoa, nyuma aliishi na mkewe na binti yao. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho na huko ndiko lilikobaki. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya masharubu yake, meusi, mazito, yaliyosokotwa ncha kwa mafuta kila asubuhi kabla hata hajanywa chai. Alianza kuyafuga akiwa kijana anayejifunza kazi, na tangu hapo hayakuguswa na mashine. Aliyapunguza mwenyewe kwa kimkasi, unywele mmoja mmoja, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Mchoraji alipokuja kupamba ukuta wa duka hakuchora mkasi wala kiti. Alichora masharubu matupu, mapana kuliko mlango, na kila mtu akajua hapo ni kwa nani.

Majivuno alikuwa nayo, nisimfiche. Mkewe alipenda kumtania kwamba nyumba ikishika moto Sharubu ataokoa kwanza kile kichupa cha mafuta, yeye na mtoto watajijua.

Lakini kazi alikuwa anaijua. Mtoto akipandishwa kwenye kiti analia, Sharubu hakumkamata. Alichuchumaa mbele yake mpaka macho yakalingana, akaiweka mashine katikati yao, akauliza kwa sauti ya siri, "Wewe kwanza au mimi kwanza?" Hakuna mtoto aliyewahi kujibu kwamba aanze yeye. Basi Sharubu alijipitishia mashine kichwani, akashuka nayo shavuni, akamalizia juu ya masharubu, macho kayafumba kwa raha, mashine inanguruma zzzz. "Umeona? Haiumi. Tamu kama asali." Mtoto alicheka, akalegea, na kabla hajajua upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha.

Asichokijua mtoto ni kwamba mashine ilikuwa imezimwa. Ile zzzz ilikuwa ya mdomo wa Sharubu.

Mtu mmoja tu dukani aliujua mchezo huo, naye alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Huyo ni binti yake mwenyewe, aliyeshinda kwenye kigoda pembeni ya kiti, mkononi kitana kilichong'oka meno, akiwaamuru wanaume wazima "Kaa!" na "Inama!" mpaka mtaa mzima ukamwita Bosi. Wazazi wake walimngoja miaka mingi, mpaka ndugu wakachoka kuuliza, na alipokuja waliacha kumkatalia chochote. Kigoda chake kilikuwa kifupi. Kitufe cha mashine kilikuwa upande wa chini. Aliyekaa pale aliona kila kitu, ila hakuna aliyelifikiria hilo.

Ugonjwa ulianza na mafua, kisha kikohozi, kisha homa iliyomfanya Bosi aache kuamuru watu. Duka likawa kimya. Mama yake alimbeba mpaka zahanati, Sharubu anafuata nyuma na mwavuli usio na kazi, maana mvua haikuwapo. Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza kifua kushoto, akasikiliza kulia, akarudia kulia.

"Nimonia," alisema. "Mmekuja mapema. Dawa ya maji itatosha akiinywa. Asipoinywa haitatosha." Alichanganya unga wa chupa na maji, akatikisa, akawapa na kibomba cha plastiki kisicho na sindano, kilichowekwa alama ya kipimo. "Asubuhi na jioni, mpaka chupa iishe, hata kama atapona kabla. Na anywe. Maji, maziwa, chochote. Mtoto anayekohoa hanitishi kama mtoto asiyekunywa. Mkiona analia na machozi hayatoki, mleteni hapohapo. Huyo atalala hospitali kubwa."

Dawa ilikuwa na rangi ya waridi na harufu ya ndizi, na mtu angeiamini kwa harufu. Chini ya ndizi kulikuwa na nyongo.

"Niachie mimi," Sharubu alimwambia mkewe jioni ile. "Hii ndiyo kazi yangu." Akampakata Bosi, akainua kibomba katikati ya macho yao. "Wewe kwanza au mimi kwanza?" Akakipeleka mdomoni mwake, midomo kaifumba nyuma ya masharubu, akatikisa kichwa kwa utamu. "Mmm! Tamu kama asali."

Bosi alimtazama. Homa ilikuwa imemlegeza, na aliyekuwa mbele yake ni baba yake. Akafungua mdomo.

Hakulia mara moja. Aliishika ile dawa ulimini, akamwangalia baba yake kwa mshangao mkubwa, halafu akaitema yote juu ya shati lake. Walipojaribu tena alikuwa amebana midomo. Asubuhi mama yake, ambaye usiku kucha hakufumba jicho, akaona bora atumie akili. Akaichanganya dawa kwenye maziwa. Bosi alipiga funda moja, akasimama, akakirudisha kikombe mikononi mwa mama yake polepole, kwa adabu. Tangu hapo hakupokea maziwa. Hakupokea maji. Hata maji ya matunda, aliyokuwa akiyalilia kila mchana, aliyasukuma kwa kiganja na kugeukia ukutani.

Hapo ndipo walipoharibu mambo, na walijua. Walikuwa na mgonjwa anayekataa dawa, sasa wakawa na mgonjwa anayekataa dawa na maji.

Mchana ulipoingia midomo ya Bosi ilikuwa imeanza kupauka. Ingekuwa amri yake Sharubu angefunga duka, lakini Mwalimu alikuja kuomba, tena kwa kusihi. Mwalimu alikuwa mteja wake wa siku zote, mrefu, mwembamba, mwenye nywele zilizoota kila upande isipokuwa pale zilipotakiwa, na siku hiyo darasa lake lilikuwa linapiga picha ya mwisho. "Dakika chache tu, Sharubu, nisije nikaning'inizwa ukutani miaka yote nikiwa hivi." Sharubu akamfunga shuka shingoni na kuanza. Mikono ilinyoa, masikio yalibaki nyuma ya pazia.

Ndipo akaingia dada yake mkubwa. Shangazi wa Bosi alikuwa mwanamke wa kifua kipana na mapenzi ya nguvu. Aliwalea wadogo zake watano mama yao alipokuwa shambani, na katika kulea huko hakuwahi kushindwa na mtu mfupi kuliko yeye. Alisimama mlangoni, akamsikiliza Sharubu akieleza, akatingisha kichwa.

"Kinyozi hajinyoi, mdogo wangu," alisema. "Watoto wa watu wanakutii, wako kakushinda. Mambo ya kubembeleza dawa nimeyaona kwenu nyinyi vijana. Wewe mwenyewe unadhani ulikunywaje?"

"Sikumbuki, dada."

"Hukumbuki kwa sababu hukuulizwa." Akapita, pazia likarudi.

Sharubu aliendelea kunyoa. Alimsikia mkewe anasema, "Wifi, taratibu, amechoka." Akamsikia dada yake anajibu, "Mshike mikono tu, wifi, mimi nabana pua. Akitaka kupumua atafungua mwenyewe." Alitaka kusema neno. Mwalimu alitaka kugeuka. Kisha kikasikika kilio, kilio kikakatika katikati, na baada yake hakikusikika kitu chochote.

Ule ukimya ndio uliomkimbiza. Aliiachia mashine ikaning'inia kwa waya wake inanguruma, akalipiga pazia mpaka likang'oka upande. Bosi alikuwa amejikunja mikononi mwa mama yake, mdomo wazi, macho yamemtoka, uso unaingia rangi isiyo yake. Dawa ilikuwa imekwenda njia ya pumzi. Sharubu hakujua baadaye nani alifanya nini. Alijikuta amemlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, anampiga mgongoni kwa kiganja, na anasikia mtu anaita "Mwanangu! Mwanangu!" na mtu huyo ni yeye. Halafu kikohozi. Halafu dawa ikamtoka puani na mdomoni, na pumzi ikaingia kwa mlio mrefu, na mtoto akalia.

Sharubu hajawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na hajawahi kuogopa namna ile.

"Mtoe," Mama Bosi alisema bila kumwangalia wifi yake. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba Bosi, mtoe dada yako humu kabla sijamvunjia heshima."

Shangazi hakungoja kutolewa. Alitoka mwenyewe, akaketi kwenye benchi ya wateja na kujifunika uso kwa kanga. Nguvu zote zile zilikuwa zimemwisha. Alikuwa amewalea watano hivyohivyo, na haikuwahi kutokea.

Bosi naye alijipapatua. Kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo aliteleza mikononi mwa baba yake, akatambaa chini ya pazia lililong'oka, akaingia chini ya kile kiti cha kuzunguka, akalikumbatia guu lake la chuma. Mwalimu alikuwa ameshuka haraka na shuka lake shingoni, ameizima mashine na kuiweka juu ya kigoda. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa safi. Wa kushoto ulikuwa vilevile alivyokuja nao.

Mama Bosi akapiga magoti. Mtoto alikuwa analia bado, kilio kikavu kama cha paka. Akapitisha kidole chini ya jicho lake. Akakiangalia kile kidole, kisha akakipitisha chini ya jicho la pili.

"Baba Bosi. Hayatoki."

Hakuna aliyeuliza nini hakitoki.

"Naenda kutafuta pikipiki," alisema, tayari ameshika viatu mkononi. "Nikirudi tunampeleka, awe amekunywa, awe hajanywa. Njia yote ile ya hospitali kubwa, na jua hili, na hana tone tumboni." Hakumaliza. Alikimbia peku, viatu mkononi.

Sharubu akabaki. Akajaza kibomba mpaka kwenye alama, akaenda kuchota maji kwenye kikombe cha Bosi, kile chekundu, akarudi. Alichuchumaa, akaona haitoshi. Akalala sakafuni, ubavu kwa ubavu na kiti, juu ya nywele za Mwalimu, mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya mwanawe chini kule. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka upesi. Bosi alipokiona kibomba alifumba mdomo mpaka midomo ikapotea.

"Bosi wangu," alisema. "Bosi wa baba."

Bosi alizidi kulikumbatia guu la kiti.

 Mtu akikaukiwa maneno husema kile ulimi ulichozoea, na ulimi wa Sharubu ulikuwa umezoea jambo moja. "Wewe kwanza au mimi kwanza?" Akakipeleka kibomba kwenye midomo yake iliyofumbwa, akatikisa kichwa. "Mmm."

Bosi alikitazama kibomba. Akamtazama baba yake kooni, ambako hakukuwa na kitu kilichopita. Akatoa mkono mmoja kwenye lile guu la kiti, akaunyoosha nje, kwenye kigoda, mpaka ukagusa mashine.

"Washa," alisema. Sauti ilikwaruza.

"Unataka mashine, mama? Haya, shika." Akampa. Alikuwa tayari kumpa duka zima.

Bosi hakuitaka. Aliisukuma kwa mikono miwili, ikarudi kwa baba yake, ikapanda kidevuni, ikakaa juu ya masharubu. "Baba washa."

Naye Sharubu, mnisamehe, alifanya kile alichokuwa akikifanya miaka yote. Alifumba macho kwa raha na kunguruma kwa mdomo, zzzz.

Kiganja kidogo cha moto kikampiga mdomoni.

"Siyo!" Bosi alisema. "Washa!"

Kutoka juu Mwalimu alikohoa. "Sharubu, nafikiri anachomaanisha ni kwamba..."

"Najua anachomaanisha, Mwalimu."

Alijua, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtoto alikaa kwenye kigoda kile siku baada ya siku, akiona kitufe kimezimwa na watoto wa watu wanaambiwa haiumi, halafu wananyolewa. Jana alipoambiwa tamu kama asali alikuwa anaijua ile sauti. Alikuwa anajua ni sauti ya nini. Na bado alifungua mdomo, kwa sababu ni baba.

Mtu asikwambie kwamba hakusita. Alisita. Yale masharubu yalikuwa ujana wake na jina lake, yalikuwa kwenye ukuta wake wa mbele, makubwa kuliko mlango. Aliwahi kumfukuza mteja rafiki yake kwa kuyaita ufagio. Na hapo alipolala alifikiria, kwa muda mfupi kuliko ninavyosimulia, kama hakuna kitu kingine cha kumpa mtoto. Kisha akakiona kile kifua kinavyopanda na kushuka, akabonyeza kitufe.

Mashine ilinguruma yenyewe. Aliipitisha upande wa kulia kutoka puani mpaka pembe ya mdomo, na ile ncha iliyosokotwa ikaanguka nzimanzima, ikatua juu ya nywele za Mwalimu.

"Toba!" alisema Mwalimu.

Bosi alikuwa amenyanyua kichwa. Alitoa kidole, akaigusa ile ngozi iliyobaki tupu, akaisugua kuhakikisha. Halafu akaelekeza upande wa pili, maana alikuwa amelelewa dukani na alijua kazi haiachwi nusu. Sharubu akamalizia.

Akaizima mashine. Uso wake ulikuwa umepoa ajabu, upepo unampita mahali ambapo haujampita tangu ujana. Bosi alimtazama sana. Kisha akakitazama kibomba.

"Tamu?" aliuliza.

Lilikuwa swali la mtego, na Sharubu alikuwa amekwisha kunaswa mara moja.

"Chungu," alisema. "Chungu sana, mwanangu. Baba alisema tamu, baba alidanganya. Ni chungu, halafu inaisha, halafu unakunywa maji." Akadondosha tone moja kwenye ulimi wake, la kweli, akalimeza huku ameinua shingo ili Bosi aone koo linavyopitisha. Uso ukajikunja bila kutumwa. Bila masharubu ya kuuficha, ulijikunja kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji.

Bosi akaukagua ule uso, mkunjo kwa mkunjo. Halafu akaliachia guu la kiti, akatambaa akatoka, akapanda mapajani mwa baba yake, akafungua mdomo.

Sharubu alimkalisha wima. Hakumbana kitu. Alikiingiza kibomba pembeni, ndani ya shavu, akasukuma kidogo, akangoja ameze, akasukuma kidogo tena.  Dawa iliisha. Bosi akakunja uso, uleule wa baba yake. Koo likapanda, tumbo likajikaza mara moja, na Sharubu akafunga macho kwa sababu alishindwa kutazama. Shangazi kwenye benchi alikuwa ameshusha kanga. Mwalimu alikuwa ameshika shuka lake kwa mikono miwili.

Koo likashuka.

"Maji," Bosi alisema.

Sharubu akakichukua kikombe chekundu, akanywa yeye kwanza, funda la kweli, shingo juu. "Maji matupu. Umeona?" Bosi aliona. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili na kunywa mpaka kikambana puani, akapumua, akanywa tena.

Pikipiki ilisimama nje. Mama Bosi aliingia mbio, akakuta mwanamume asiyemjua ameketi sakafuni na mwanawe mapajani.

"Wewe nani umempa—" alianza, na ndipo akakiona kikombe. Akakiona kimebaki tupu. Akamwangalia yule mwanamume tena, akayaona macho, akaziba mdomo wake.

"Amekunywa," alisema Sharubu. "Na dawa. Yote."

"Masharubu yako."

"Ndiyo."

Mama Bosi aliketi palepale chini, katikati ya nywele, akacheka na kulia kwa pamoja, na kwa upande wake machozi yalitoka bila shida.

Walikwenda vilevile, ila zahanati badala ya hospitali kubwa, maana ahadi ni ahadi na kifua ni kifua. Foleni ilikuwa ndefu. Mama Bosi alikuwa amejaza chupa ya maji, na katika kungoja Bosi alikunywa, akalala, akaamka, akanywa tena, kila mara baada ya baba yake kuonja na kuonyesha koo. Walipoitwa, Daktari alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akauliza habari za ile dawa iliyokwenda njia ya pumzi, akasikiliza tena nyuma na mbele bila haraka. Chuma cha kipimo kilikuwa cha baridi. Bosi akaangua kilio.

Daktari akatoa kipimo masikioni. Akamfuta mtoto shavuni kwa kidole, akakinyoosha kile kidole mbele ya mama yake. Kilikuwa kimelowa.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta," alisema. "Leo analala kwenu. Ya jioni mpeni akikaribia kulala, na asubuhi nataka kumwona. Akikataa tena kunywa, au akipumua kwa haraka zaidi ya hivi, msingoje asubuhi." Akaandika, akanyanyua macho kwa Sharubu. "Na huyu ni mjomba?"

"Ni baba yake," alisema Mama Bosi. "Tunamzoea."

Dukani walimkuta Mwalimu ameketi kwenye kiti, shuka shingoni, kichwa nusu, amelilinda duka kwa uaminifu. Picha ilikwisha kupigwa bila yeye. "Bora hivyo," alisema. "Wangeniweka pembeni ili upande mmoja ukatike." Sharubu akammalizia na kukataa shukrani. Shangazi alikuwa amefagia sakafu yote na kulishona pazia. Alikuwa ameyaokota masharubu ya mdogo wake na kuyafunga kwenye karatasi, ya nini hakuna aliyejua, na yeye hakusema. Alimkaribia Mama Bosi kwa hatua za mtu anayevuka tope.

"Wifi," alisema. "Ningemuua."

Mama Bosi alimgeukia. "Hukumuua," alisema. "Lakini usirudie, wifi. Kwa mtoto yeyote."

"Sirudii." Akajifuta pua kwa pembe ya kanga, akamtazama ndugu yake usoni, na mdomo ukaanza kumcheza. "Mdogo wangu. Kumbe huo mdomo ulikuwa umeurithi kwa bibi."

Jioni ilipofika homa ilikuwa imeshuka kidogo, siyo yote, na kikohozi kilikuwapo. Mama Bosi alijaza kibomba mpaka kwenye alama. Sharubu alikuwa amekwisha kukaa sakafuni, kikombe chekundu pembeni, akiomba kimoyomoyo.

Bosi alikiona kibomba. Hakukimbia. Alishuka kitandani mwenyewe, miguu bado dhaifu, akapita chini ya pazia, wakamsikia anaburuta kitu. Akarudi na mashine, waya unamfuata. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu alikuwa ameuona mara moja na ukamtosha. Akasimama mbele ya baba yake, akamkagua uso kama mteja mpya. Juu ya mdomo hakukuwa na kitu tena. Akafikiri. Kisha akanyanyua kidole, akakiweka kwenye nyusi ya kushoto.

Sharubu akamtazama mkewe. "Nyusi huota tena?"

"Huota."

"Una hakika? Maana sijawahi kumnyoa mtu nyusi."

Mama Bosi alishika kibomba kwa mkono mmoja, kwa mwingine akachomeka waya ukutani.

"Baba Bosi," alisema, "washa."